Anaumwa Kidogo

Mujukuu wangu Neema,

Huku mtaani Schaerbeek tunaendelea. Mama yako anakusalimu. Umeniuliza kutoka London: ile "siriasi" ya Waingereza, kwetu tunaisemaje? Bon, kwetu jambo likiwa zito sana tunalitaja kwa upole.

Nilipokuwa msichana Bukavu, kaka yangu alituma ujumbe: "Papa anaumwa kidogo, kuya umuone." Nikashika hiyo "kidogo", nikabaki kwanza kumaliza kusukwa nywele. Kufika nyumbani, nikakuta viti vya matanga ya baba vimeshapangwa uani. Kaka hakunigombeza. Alinisogezea kiti tu.

Jumapili mama yako atakupigia simu. Atakuambia mimi, Koko wako, ninakohoa kidogo.

Panda treni siku hiyohiyo, mutoto wangu.

Koko wako