Aliyenyonya Ziwa Moja Nami

Karalapura, mwezi wa Shravana

Mdogo wangu Dhumila,

Hujambo huko Vindhya? Pembe iliyovunjika imepona? Sisi wazima. Mama bado anakoroma mpaka vigae vinadondoka.

Nina habari njema. Mungu Brahma, muumba wetu, amechoka kunitazama nikimwabudu kwa kusimama motoni kwa mguu mmoja, akashuka kuniuliza nataka nini. Uzima wa milele alininyima. Akasema lazima abaki mmoja wa kuniua. Nikamwambia: basi asiniweze mungu, binadamu, maradhi, silaha wala mkono wangu mwenyewe, ila aliyenyonya ziwa moja nami. Akakubali. Tuliozaliwa ni wawili tu, nawe hata kuku humchinji bila kulia! Nani kama mimi sasa?

Kaka yako,
Vikarala

Vindhya, mwezi wa Bhadrapada

Shikamoo Kaka,

Pembe imepona, ila tangu barua yako sina raha. Mbona hukuniuliza kwanza? Miungu wameshajua. Jana walikuja watatu kwa sura ya wafugaji, wamebeba samli. "Bwana Dhumila," wakaniambia, "kiti kile cha enzi kinakufaa wewe kuliko yule jeuri." Nikawajibu, "Tokeni kabla sijawala pamoja na samli yenu!"

Wameondoka, lakini watarudi. Kaka, usisikilize maneno ya watu. Nakupenda, na sasa naogopa hata kukukasirikia ndotoni.

Mdogo wako,
Dhumila

Karalapura, mwezi wa Ashvina

Dhumila,

Natumai u mzima. Nasikia una wageni. Tangu lini mungu akaingia nyumbani kwa zimwi akatoka hai? Au samli ilikuwa tamu?

Njoo tumtolee marehemu Baba sadaka ya vitonge vya wali, kisha tule. Njoo peke yako.

Kaka yako, Mfalme

Vindhya, mwezi huohuo

Shikamoo Kaka,

Nakutakia afya. Nakuja. Mama amenitumia kunguru na maneno haya: "Usije, mwanangu. Kaka yako ananoa shoka, anasema ni la kuni." Nimemjibu kwamba najua.

Nikikimbia, utaamini nimekwenda kwa adui. Nikibaki huku, utaamini ninapanga. Labda ukiniona mikono mitupu utacheka, utaniita mtoto wa mama kama zamani. Sina tumaini jingine. Mwambie Mama asinisubiri nje, mvua itamlowesha.

Mdogo wako,
Dhumila

Karalapura, mwezi siujui

Dhumila,

Salamu. Hali yako siulizi, maana niliyekufikisha huko ni mimi.

Mama hakusema nami tena mpaka alipokufa, ila mara moja tu: "Ulimkata mdogo wako amekuja kula." Kisha binadamu walikuja na vita. Mji umeungua. Wanangu wote wameanguka langoni, wa mwisho akiniita. Mimi nilisimama mbele ya mishale mpaka ikawaishia. Wakanicheka, wakaenda zao.

Nimejitupa kutoka juu ya jabali. Nimekunywa sumu ya nyoka. Asubuhi naamka na njaa, kama kawaida. Nimemwita Brahma nimwombe aniondoe. Haji. Nimewatafuta hata wale wafugaji watatu niwaulize kama wanamjua mwingine aliyenyonya kwa Mama. Wamesema hakuna.

Naandika nikijua hakuna wa kuisoma. Njoo hata hivyo, mdogo wangu. Njoo na shoka. Sitakuuliza umetoka kwa nani.

Kaka yako