Shangazi, Nimechagua Ile Fupi ya Buluu

Uvira, mtaa wa Rugenge,
Jumapili, tarehe 23 Juni 2024

Mpendwa Shangazi Sidonie,

Salamu nyingi zikufikie huko Morogoro, wewe na Mzee Ildephonse na wote walio chini ya paa lenu. Mgongo wako unaendeleaje? Uliandika kwamba daktari amekukataza kubeba ndoo. Tafadhali mtii, maana nakujua. Sisi hapa ni wazima. Mama anakohoa kidogo kwa sababu ya vumbi la kiangazi, si jambo la kutisha. Kaka yako anakula vizuri na anagombana na redio vizuri. Ndagala wanapatikana kwa wingi mwezi huu, mtaa mzima unanukia samaki na hakuna anayelalamika.

Barua hii nampa mama mmoja wa parokia anayevuka kwenda Kigoma, ataituma kutoka kule. Ningekupigia simu, lakini mtandao hukatika kila habari inapofika mahali patamu, na hii ni habari ya kukaa kitako.

Shangazi, nimenunua moto. Usishtuke, si ya kupikia. Ninyi huko mnaiita pikipiki. Iko hapa uani, nimeifunika kwa kitenge kwa sababu ya vumbi, na Mama anasema kitenge hicho kilikuwa chake.

Unajua kazi yangu ya kuchanja kuku vijijini. Dawa ya kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku, haipendi joto. Inatoka kwenye frigo ya farmasi hapa mjini, inaingia katika sanduku la barafu, na kuanzia hapo unashindana na jua. Mwaka jana nilikuwa nakwenda kwa moto za kukodi. Siku moja akina mama wa Luberizi walikuwa wamekusanyika kunisubiri, kila mmoja na kuku wake kwenye kikapu. Dereva aliyenichukua alisimama Kiliba kuziba tairi, akasimama Sange kumsalimia shemeji yake, akala chakula hukohuko. Nilipofungua sanduku Luberizi, barafu ilikuwa maji, na maji yenyewe vuguvugu. Niliwaambia warudi nyumbani na kuku wao. Kuchanja kwa dawa iliyokufa ni kumdanganya mwenye kuku.

Kabla sijapata dawa nyingine, kideri kilipita. Niliporudi, uwanja wa Mama Anne ulikuwa kimya. Huyo ni mjane, ndiye aliyekuwa akiwakusanya wenzake kila nilipofika. Kuku wake walikwisha wote, na kuku hao ndio waliokuwa wakiwasomesha wajukuu. Hakunilaumu hata kidogo. Alinifungia mihogo nipeleke nyumbani. Angenitukana, ningelala vizuri zaidi. Njia nzima ya kurudi, nikiwa nimekaa nyuma ya mgongo wa dereva na mihogo mapajani, nilijiambia kwamba safari ijayo nitashika usukani mwenyewe.

Basi nikamwambia Baba. Wewe unamjua kaka yako na barabara ile ya Bukavu, hiyohiyo ya kwenda Luberizi. Miaka yake yote ya kamioni imelala pale. Aliweka kijiko chini, akaniangalia.

“Konso,” akasema, “minye nilitembeza kamioni kwa hii barabara mpaka macho ikachoka. Niliokota watu wa moto kwa mikono yangu. Wengine walikuwa wangali wanaita mama yao. Sitaki kukuokota weye.”

Nilijibu kwamba hata nyuma ya dereva wa kukodi ninaweza kuokotwa. Alinawa mikono, akatoka kwenda kukaa nje, na kuanzia siku ile neno moto halikutajwa tena mezani. Lilikuwa jambo gumu kwangu, Shangazi. Sijawahi kufanya jambo kubwa bila baraka yake, na mimi ni mtu mzima sasa.

Hata hivyo nilianza kujifunza. Mwalimu wangu ni Déogratias, dereva wa taxi-moto anayeimba besi katika kwaya yetu. Kila Jumapili baada ya misa alinipeleka kwenye kiwanja cha mchanga kule Nyamianda. Siku ya kwanza niliachia ambreyage, kile kishikio cha mkono wa kushoto, kwa ghafla, moto ikaruka kama mbuzi na mimi nikabaki nimekaa mchangani. Akina mama waliokuwa wakianika nguo walicheka hadi wakashikana. Mmoja alikuja na maji ya kunawa, akaniambia, “Amka dada, rudia, sisi pia tunataka kuona kama inawezekana.” Nikarudia. Kufikia Pasaka nilikuwa nazunguka kiwanja chote bila kuanguka, na wao wakawa wananipigia vigelegele kama bibi harusi.

Ndipo ikaja kazi ya kuchagua. Hapa kwetu Rugenge kuna muuzaji mmoja, Jean-Berchmans, mwenye moto za mtumba. Nilikwenda na Déogratias, na mdogo wangu Pitchou akajialika. Palikuwa na moja nyekundu, ndefu, tangi linang'aa kama sufuria ya harusi. Pitchou aliipanda kabla yangu, akaomba apigwe picha. Nisikufiche, na mimi niliipenda. Nilijiona nikipita mbele ya kanisa wakati watu wanatoka misa. Nilipoikalia, ncha za vidole vya miguu ndizo zilizogusa ardhi. Déogratias alikuna kichwa, akasema nitazoea. Pitchou akasema viatu vya kisigino vipo. Nikafungua mkoba.

“Usilipe bado.”

Nilijua sauti kabla ya kugeuka. Baba alikuwa amesimama langoni, amevaa koti lake la kanisani, na begani amebeba sanduku langu la barafu. Mama ndiye aliyemwambia tuko wapi. Baba alikuwa amelitoa sanduku chumbani kwangu, akalijaza chupa za maji liwe na uzito kama wa siku ya kazi, akatembea nalo juani hadi pale. Jasho lilikuwa limelowesha kola.

Hakusalimia mtu. Aliliweka sanduku nyuma ya ile nyekundu, akalifunga kwa mipira, akarudi hatua chache.

“Panda. Sasa jifanye umefika kwa barriere, askari anasema simama. Simama.”

Nikasimama. Niliegemea kidogo upande wa kushoto kutafuta ardhi, na ardhi ikachelewa. Sanduku likavuta, moto ikalala juu yangu, na bila Déogratias na Pitchou kuidaka, leo ningekuandikia kutoka hospitali. Pitchou aliacha kuzungumzia picha.

“Weye unatafuta moto ya kuonekana ao moto ya kazi?” Baba akauliza.

“Ya kazi, Baba.”

“Basi ile pale.”

Alikuwa anaonyesha moto ya buluu iliyosimama nyuma kabisa, karibu na matairi makuukuu. Ni fupi, tangi lina mkwaruzo mrefu, na kiti kimeshonwa upya kwa ngozi ya rangi nyingine. Lakini porte-bagage yake, pale pa kufungia mizigo, ni pana kama meza ya mtoto, na nilipoikalia, nyayo zangu zote mbili zililala chini. Baba alichutama nyuma yake, akafumba jicho moja kuona kama magurudumu yanafuatana. Akavuta mnyororo. Akaweka kiganja juu ya injini, akakiondoa.

“Iko na moto,” akasema.

“Papa, niliiwasha asubuhi, wateja wasikie vile inaimba,” Jean-Berchmans akajibu.

“Inaweza kuimba ikishapata joto. Minye nataka kuiona ikiamka. Iache ipoe.”

Tukangoja. Jean-Berchmans hakukasirika, alituletea benchi na kutuma watu wanunue mikate ya mafuta. Tukala tukiwa tumepanga mstari kama watu wanaosubiri daktari. Nikapata ujasiri wa kumwuliza Baba mbona amekuja, naye alikuwa amekataa.

Alitafuna hadi akamaliza. “Bado nakataa,” akasema. “Lakini nilikaa pale nje nikafikiri. Nikaona, Konso ataenda kununua, na minye nitabaki nyumbani na hasira yangu. Na kama minye siko, ataleta ile ya Pitchou. Sasa hasira yangu itakuwa imesaidia nini?”

Shangazi, niliuweka mkate chini. Nilimshika mkono, naye akaniachia niushike, mbele ya watu wote wale.

Injini ilipopoa, Baba akaniambia niiwashe mwenyewe, kwa mguu. Nikapiga, ikakohoa. Nikapiga tena, ikaamka, ikatulia, ikanguruma polepole bila kutoa moshi. Baba aliinamisha kichwa akasikiliza muda mrefu, kisha akampa Jean-Berchmans mkono. Bei nitakwambia tukionana, ila ujue Baba aliipunguza hadi muuzaji akaanza kumwita mukwe.

Jumanne iliyopita nilikwenda Luberizi peke yangu. Mama aliniombea langoni akiwa ameshika kioo cha moto kana kwamba ni mkono wa mtoto. Kaske yangu, ile kofia ngumu ya moto, ni kubwa kidogo, inanifanya nionekane kama uyoga, lakini Baba alikataa ndogo isiyofunika masikio. Nilipita Kavimvira, nikapita Kiliba, na kwenye bonde mpunga ulikuwa umeiva pande zote mbili za barabara, watu wanavuna, ndege wanafukuzwa kwa makopo. Kundi la ng'ombe lilinisimamisha katikati ya njia. Nikaweka miguu yote miwili chini, nikawangoja wapite kwa nafasi yao, na nikagundua nilikuwa naimba ndani ya kaske.

Nilipofungua sanduku mbele ya akina mama, barafu ilikuwa ngumu, inagongana. Mama Anne alikuja wa kwanza. Ana kuku mmoja tu sasa, tetea mweusi aliyepewa na dada yake, amembeba kifuani ndani ya kitenge. Nikamdondoshea tone jichoni, tetea akapepesa, Mama Anne akacheka.

“Huyu ataniletea wengine,” akasema. Kisha akaizunguka moto akiitazama. “Na hii, muntu ukimupenda utamukopesha?”

Nilimwambia akija Uvira nitamfundisha. Nilikuwa natania. Yeye alikuwa hatanii, aliuliza tena wakati naondoka.

Wakati wa kurudi, kabla ya kuingia mjini, nilimwona Baba kando ya barabara, amekaa kwenye kiti cha plastiki alichoazima kwa muuza vocha. Nikasimama.

“Baba, unangoja nani?”

“Naangalia magari.”

Nikamwambia apande nimpeleke nyumbani. Akatikisa kichwa. Alikagua tairi, akagusa mnyororo, akaangalia viwiko vyangu kama vina mchubuko. Halafu akarudisha kiti kwa mwenyewe, akaweka mkono juu ya sanduku.

“Kwenda mbio kila muntu anaweza,” akasema. “Nionyeshe polepole. Minye natembea, weye unanifuata, na mguu usiguse chini.”

Shangazi, hakuna jambo gumu kama hilo. Moto ikienda taratibu inataka kulala. Kiganja cha kushoto kiliniuma kwa kuishikilia ambreyage. Baba alitembea kwa mwendo wake wa siku zote, hakupunguza wala hakuongeza, mkono wake ukiwa juu ya sanduku, si kwa kunishika, ni kama mtu anavyotembea na ng'ombe wake. Watu walitoka madukani kutuangalia. Mzee mmoja akamwuliza, “Bonaventure, moto yako iko mugonjwa?” Baba akamjibu bila kusimama, “Hapana, ni dereva wangu, namupima.”

Tulifika langoni na mguu wangu haujagusa chini. Baba alimfungulia dereva wake lango kwa mikono miwili, jinsi alivyokuwa akifunguliwa yeye alipokuwa akirudi na kamioni.

Asubuhi ya leo nilimwambia nakuandikia, akaniambia niongeze neno lake. Anasema ukija Desemba, ukivuka mpaka pale Kavimvira usichukue taxi-moto hata moja, wanakimbia ovyo. Uulize Konso yuko wapi. Mizigo yako itafuata na gari, Baba mwenyewe ataifunga.

Utusalimie wanao, Basile na Olga, na umwambie Olga kwamba kaske ya pili ipo, inamngoja. Pitchou anakusalimu, anaiosha moto kila asubuhi akitumaini. Mama anakukumbatia, anaomba dawa ya kikohozi ya majani uliyomwelekeza zamani.

Mungu akunyooshee mgongo, akulindie wanao, na akulete kwetu salama njia zote.

Nami nakupenda kama siku zote, binti wa kaka yako,

Consolée