Kadi Namba Tatu

Jumapili, 17 Novemba 2013

Mvua ya Brussels leo hainyeshi, inatema mate tu. Nimeketi chumbani kwangu hapa Anderlecht, koti mwilini, hita inawaka, na bado sijalivua. Shajara, wewe unanijua. Nimelala bandarini Piraeus, nimekimbizwa na mbwa wa polisi Marseille, nimekula konokono nikaomba niongezewe. Leo naogopa simu. Hii yangu mwenyewe, hii ndogo hapa mezani.

Pembeni yake kuna kadi. Inang'aa. Laiti isingeng'aa.

Kazi yangu ni kuuza saa na redio za zamani kwenye soko la vitu vikuukuu. Shule niliishia kidato cha pili, lakini nipe saa yoyote nitakutajia mpaka babu yake. Ubaya ni kwamba watu wakikusifia kwa saa, unaanza kukubali sifa za vitu usivyovijua.

Ndivyo alivyonikuta Maman Espérance, wiki mbili zilizopita, kwenye saluni moja ya galerie, ile njia ya maduka yenye paa, kule Matonge, mtaa wa Wakongo. Ni mama wa Bukavu, anahudumia wazee majumbani. Miaka minne alimwogesha na kumlisha mzee mmoja Mmarekani, na mzee yule kabla hajafa akampa boksi la viatu, binti wa mzee akishuhudia. Ndani mna kadi sitini na moja za wachezaji wa besiboli, zote zimenizidi umri.

"Papa Rashidi, hizi carte za batu ya fimbo ziko na bei? Weye njo unajuaka vitu."

Saluni nzima ikanigeukia. Mtu mwenye akili angesema sijui. Mimi nikaishika moja kwa ncha za vidole, nikafumba jicho moja kama daktari, nikasema, "Maman, hapa kuna tiketi ya ndege. Kwenda na kurudi."

Besiboli sijawahi kuitazama hata kwenye televisheni.

Na tiketi haikunitoka tu mdomoni. Pale wote tunajua mama yake hatoki tena kitandani kule Bukavu, na hawajaonana miaka tisa. Nilitaka acheke. Akalia.

Basi ikabidi nitafute mjuzi. Nikapiga picha kadi kumi zilizonivutia, nikazituma kwa mzee mmoja wa Ixelles anayenunua stempu na kadi za kale. Jibu likachelewa. Na mimi mikono yangu haijui kungoja.

Kwetu karatasi ya maana hutiwa laminesheni. Cheti changu cha kuzaliwa kimo ndani ya plastiki, leseni imo, hata picha ya timu yetu ya mtaa kule Morogoro. Maman naye ni vilevile, karatasi zake za ukimbizi zote zinang'aa. Kwa hiyo Ijumaa nikachukua kadi ya picha namba tatu, jamaa wa kofia ya bluu, shavu limevimba kama kaficha chapati, pembe zake zimelika nikazionea huruma. Nikaipeleka duka la fotokopi. Ikaingia kwenye mashine, ikatoka ya moto kama andazi.

Maman aliibusu. "Voilà! Sasa inafanana na kitu! Baki nayo, umuonyeshe ule papa wa bei. Zingine nitazipeleka miye mwenyewe kwa mashine, lundi asubui." Lundi, yaani Jumatatu, kesho.

Leo mchana mzee wa stempu amejibu, barua pepe ndefu kwenye simu.

Ameeleza kwa upole, kama mwalimu mwenye muda. Mtu hutazama pembe nne, kisha kingo, kisha kama picha imekaa katikati, kisha hugeuza nyuma. Pembe iliyolika si msiba, ni umri. Msiba ni mkono wa mtu. Tusipanguse, tusikate. Iliyogandishwa ndani ya plastiki ya moto yeye haipimi kabisa, maana haitoki bila kuchanika. Tisa kati ya nilizotuma ni za kawaida.

Ila namba tatu. Namba tatu anaomba aione kwa macho yake.

Kifaransa changu ni cha sokoni, nikaomba Mungu niwe nimesoma vibaya. Nimesoma mara sita.

Nimepasha pasi, niilegeze plastiki. Nimeizima.

Maman hapatikani. Yuko kwenye maombi, kwenye ghala walilolifanya kanisa karibu na mfereji, simu imefungwa mpaka saa kumi na mbili. Na alishaniambia: leo anatoa ushuhuda. Saa hii huenda amesimama mbele ya watu wote anamshukuru Mungu kwa tiketi, na Rashidi wa Morogoro, asiyekosa futari wala uongo, anapigiwa makofi kanisani.

Ningeweza kumwambia mzee amesema namba tatu haina thamani. Hakuna ambaye angejua. Tena kwa sasa ni kweli tupu.

Kinachoniogopesha zaidi ya yote ni kwamba angenishukuru hata kwa hilo.

Hapana. Nakwenda kusimama mlangoni pa ghala lao sasa hivi. Nitampa simu yangu kwanza, aisome barua mwenyewe, Kifaransa anakijua kunishinda. Kisha nitamwomba zile sitini asiziguse. Baada ya hapo, anipige au asinipige.

Nimeitia kadi mfuko wa ndani wa koti, nikafunga zipu mpaka shingoni ili mvua isije ikailowesha.

Halafu nikakumbuka hailowi tena.