Nani Anacheza na Kikatuni Changu?

9 Januari

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta unapumua vizuri na goti limekupa nafasi ya kulala. Mimi sijambo, ni mgongo tu unaolalamika. Yule bibi ninayemtunza ukimtazama ni mwepesi, lakini ukimnyanyua kutoka kitandani utadhani amemeza mawe.

Anayekuletea barua hii ana boksi pia. Usimgawie mtu. Ndani mna mashine ya michezo ya kuunganishwa na televisheni, na ubao wa kusimama juu yake. Si ya watoto. Hapa ugenini ninayo kama hiyo, namfanyisha bibi mazoezi nayo. Anakaa kitini na kupiga ngumi hewani. Unachofanya wewe, kikatuni kwenye televisheni nacho kinafanya. Daktari alikuambia utembee, nawe ukamjibu kwamba fundi cherehani anatembea kwa pedeli. Basi sasa utatembea humo humo ndani, na hakuna jirani atakayeuliza unakwenda wapi.

Nimekwisha kukutayarishia kila kitu. Ukiwasha utakuta vikatuni viwili vimesimama pamoja. Kile kinene chenye miwani ni wewe, nimekuandika Fundi. Chenye kitambaa cha manjano kichwani ni mimi. Mashine zetu zinaonana kwa intaneti, kwa hiyo alama zako nitaziona huku na zangu utaziona huko. Haya yote nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatiza kila mara kuniuliza kama nimekula.

Mkataba wangu unaisha Septemba. Mtoto wa bibi ameanza kuninong'oneza habari za kuuendeleza. Sijamjibu kitu.

Mwanao


4 Februari

Kipenzi changu,

Marahaba. Umekula? Sisi huku ni wazima, mvua imekataa kunyesha na sare za shule zimejaa mpaka mlangoni.

Mashine ilifika. Wiki ya kwanza niliiacha kwenye boksi lake, nikaifunika, nikawaambia wateja ni cherehani mpya. Aliyeifungua ni Mwalimu, yule mpangaji aliyechukua chumba chako baada ya sikukuu. Anafundisha darasa la pili, mikono yake haitulii, kila kitu anakigusa. Akaunganisha nyaya, mimi nikasogeza meza ya kukatia, nikapanda juu ya ubao wako.

Mwanangu, jambo la kwanza ule ubao ulinifanyia ni kunipima uzito. La pili, kikatuni changu kikavimba tumbo mbele ya Mwalimu na mbele ya mteja aliyekuja kuchukua sketi. Nimepima viuno vya watu maisha yangu yote na sijawahi kumtangazia mtu chake. Nikashuka, nikanuna hadi kesho yake.

Kesho yake nikarudi. Nikakanyaga pini iliyodondoka kwenye zulia, nikaruka kwa maumivu, na mashine ikanipa alama za kuruka. Mwalimu alivunjika mbavu kwa kicheko. Nami nikakumbuka kwamba kabla sijakuzaa nilikuwa mlinda goli wa timu ya netiboli ya kiwanda, na hakuna mpira uliopita juu ya mikono hii. Yule binti anayeamrisha mazoezi kwenye televisheni nimemwambia asinifundishe kuinua mikono.

Mama yako


27 Februari

Mama,

Shikamoo. Hali yangu ni nzuri na natumaini yako ni nzuri zaidi. Nilicheka ule mkasa wa pini mpaka bibi akataka nimtafsirie.

Lakini kuna jambo limenikaa rohoni na sitalizungusha. Juzi bibi aliposinzia baada ya chakula cha mchana, niliwasha mashine nione umefika wapi. Wewe nilikuona. Pembeni yako nikamwona nani? Mimi. Kikatuni changu chenye kitambaa cha manjano kimepiga ngumi, kimekimbia, kimecheza dansi, yote huko nyumbani kwako, na kina alama ambazo mimi sijawahi kuzigusa.

Nilikitengeneza kwa mikono yangu, mama. Nilitafuta pua mpaka nikapata inayofanana na yangu. Nani anacheza akiwa amevaa sura yangu?

Mwanao


19 Machi

Kipenzi changu,

Marahaba. Mimi mzima, na safari hii nasema kweli. Jana nilidondosha bobini ya cherehani, nikainama nikaiokota bila kushika meza. Nilibaki nimesimama pale nikiitazama mkononi kama nimeokota dhahabu.

Anayecheza ni Mwalimu, nani mwingine? Akirudi shule tunacheza kidogo kabla ya kuwasha jiko. Peke yako ile mashine inachosha, huna wa kumzomea. Kikatuni chako kilikuwa kimesimama tu kinanikodolea macho, tukaona kitumike. Hatukujua kwamba vinaweza kutengenezwa vingine. Tulidhani ni viwili tu, kama viti vilivyokuja na meza yake.

Acha kijicho, mtu mzima wewe. Yule msichana ana moyo. Goti likivimba ananikanda kwa maji ya moto, na ananisaidia kupindua pindo za sare ingawa mishono yake imepinda kama njia ya mbuzi. Nikimshinda namwambia, "Nimekuweza, mwanangu." Ni kwa sababu ya kile kikatuni, mdomo umezoea. Si kitu.

Sketi yangu ya kanisani nimeipunguza kiunoni. Futi haidanganyi.

Mama yako


11 Aprili

Mama,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo.

Ile "si kitu" yako nimeisoma mara nyingi. Si kitu kwako. Mimi nililala chumba kile tangu nilipoachishwa kulala nawe, na mikwaruzo ya kitanda ukutani ni yangu. Sasa ana chumba, ana sura yangu, na wewe unamwita mwanangu. Amebakiza meno yangu tu. Nina wivu, ndiyo, na nauandika wazi ili usije ukasema nimekuficha.

Mwambie aingie pale mwanzo, abonyeze alama ya kujumlisha, atengeneze cha kwake. Cha kwangu kiacheni kisimame. Kisimame hata mwaka.

Lakini mengine nayaona. Goti limepona, kiuno kimepungua, wa kukukanda yupo, wa kukuchekesha yupo. Namshukuru Mungu, tena kwa dhati. Mtoto wa bibi ameuleta ule mkataba mpya, wa miaka miwili. Hapo mwanzo nilitaka kukataa kwa ajili ya afya yako. Sasa naona hakuna kinachonidai huko. Nitakujulisha nikitia saini.

Mwanao


21 Juni

Binti yangu,

Marahaba. Umetuma ujumbe mara tatu kuuliza kwa nini sijibu barua. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nimekasirika, na nilingoja hasira ipungue. Haikupungua.

Baada ya barua yako Mwalimu alitengeneza kikatuni chake, na chako kimesimama kama ulivyoagiza. Wakati anabonyezabonyeza, ukatokea ukurasa wenye majina ya wachezaji wote, wa huku na wa kwako huko. Juu kabisa palikuwa na jina Mama, lenye alama nyingi na nyota pembeni.

Nilijua umenibadilishia jina. Nikasema, huyu mtoto alikuwa amenuna tu, kumbe anatengeneza mambo kimyakimya. Siku nzima niliwaambia wateja kwamba kwenye mashine naitwa Mama na ninaongoza. Mmoja nilimpimia suti ya harusi ya mdogo wake huku nikijisifu, mpaka nikakosea urefu wa mkono.

Mwalimu ndiye aliyenivuta pembeni. Alikuwa anaona haya. Akasema, "Mama Fundi, huyu Mama si wewe. Huyu yuko kwenye mashine ya huko."

Kumbe ni yule bibi. Kwenye barua zako anaitwa bibi, tena bibi mzito aliyemeza mawe, na kwenye mashine anaitwa Mama. Mimi niliyekuzaa umeniandika Fundi, kama mteja wa kuja kuulizia sare.

Umenisema kwa neno lililonitoka mdomoni. Wewe la kwako umeliandika.

Mama yako


8 Julai

Mama,

Shikamoo. Barua yako niliisomea bafuni, bomba likiwa wazi, ili bibi asinisikie.

Nilikuandika Fundi kwa sababu ndivyo unavyoitwa na mtaa mzima na nilidhani utajivuna. Yeye nilimwandika Mama kwa sababu ndivyo ninavyomwita nikimwamsha, kama ninavyomwita kila mwanamke wa umri wake, na siku tunatengeneza kikatuni alitaka jina ambalo atalitambua. Anasahau, mama. Siku nyingine lake mwenyewe halikumbuki. Ningemwandika Bibi asingejua kwamba ni yeye.

Hilo ni moja. La pili ni kwamba namwogesha, namfunga viatu, namkata kucha, na huwezi kumfanyia mtu hayo kwa miaka minne ukabaki mgeni kwake. Nampenda. Nimeshalisema. Kama wewe unavyompenda Mwalimu.

Kwa hiyo tumelingana. Wewe umepata wa kucheza naye na mimi nimepata wa kumtunza. Mkataba uko kwenye droo, kalamu iko juu yake, na mtoto wake anataka jibu kabla mwezi ujao haujaisha. Ungekuwa unaumwa ningerudi kesho. Lakini umepona. Niambie wewe, nikija huko nije kufanya nini?

Mwanao


26 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina salamu ndefu. Nimeuliza kama umekula kwa miaka minne, leo sikuulizi.

Unauliza uje kufanya nini. Sasa nisikilize mimi, usinikatize.

Unadhani kwa nini mwanamke wa umri wangu aliruka juu ya ule ubao kama mwehu, wateja wakichungulia mlangoni? Kwa sababu ya daktari? Huyo nimemdharau tangu wewe uko shule. Nilipolala mwaka jana goti limevimba, ulipiga simu ukasema, "Vumilia, mama, nikirudi nitakutunza." Niliikata simu nikalia. Kutwa unamnyanyua mama wa watu, unamwogesha, unamkata kucha, mgongo wako umeanza kuharibika nawe bado kijana. Nikajiambia, siku mwanangu akifika asikute kazi ileile inamngoja kwenye kitanda changu. Nilitaka nikupokee begi mimi. Nilitaka uingie humu ndani, ukae, nikuandalie chakula, na usininyanyue hata kunisogeza kitini.

Ndiyo maana nilitoka jasho. Kumbe kila nilichopunguza kiunoni, wewe huko ulikiandika kuwa sababu ya kutorudi.

Nina wivu na yule bibi. Sina haya kulisema, maana wewe ulianza. Nina wivu na viatu vyake unavyomfunga. Nina wivu na mgongo wake unaousugua na jina unalomwamshia asubuhi. Najua anasahau, na namwonea huruma, Mungu anajua. Lakini hata kusahau kwake kunanitia wivu, kwa sababu kila asubuhi anakuona upya na mimi sikuoni kabisa.

Mwalimu ni mtoto mzuri na namwita mwanangu, sitaacha kumwita. Ila akichelewa kurudi, nampakulia namfunikia sahani, nalala. Wewe ukichelewa kujibu, mguu unakaa juu ya pedeli na cherehani haiendi.

Sijawahi kukuomba kitu tangu uondoke. Nilikuwa najiona nina nguvu. Sasa nakuomba. Siumwi, sina shida, nyumba haivuji, kazi ipo. Rudi hivyo hivyo, bila sababu.

Mama yako


24 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena.

Mkataba nimeurudisha bila saini. Mtoto wa bibi aliniuliza kama kuna msiba nyumbani. Nikasema hapana. Akauliza kama mama anaumwa. Nikasema, "Mama yangu ni mzima kabisa, anaruka na kucheza ngumi, na ndiyo maana nakwenda." Alinitazama kama mtu aliyekosea hesabu. Sikumweleza zaidi, maana sikuwa namweleza yeye.

Bibi nilimwambia mwenyewe, nikiwa namchana nywele. Alilia kidogo, kisha akasahau alichokuwa analilia, nikabaki ninalia peke yangu. Nimempata mlezi mwingine, mpole kuliko mimi, na nimekaa naye siku kadhaa nikimwonyesha jinsi bibi anavyopenda kufungwa viatu. Naye nikamwonea wivu. Sijui nitauponea wapi ugonjwa huu.

Mwalimu abaki na chumba. Mimi nitalala nawe, na usilalamike nikikuvuta shuka. Bado nina wivu naye, nisikudanganye, kwa hiyo siku za mwanzo usinilazimishe kumchangamkia. Mchango wangu utakuwa kumsalimia.

Begi ni zito. Nimeliacha hivyo makusudi, ulipokee.

Barua hii usiijibu, mama. Jibu lako halitanikuta huku.

Mwanao