Binamu, Kwa Nini Piga Mtani la Pili Halinunuliwi

Binamu yangu Deo, mtoto wa mjomba, mwenye kichwa kama nazi,

Juzi ulivunja kimya cha mwaka mzima ukanitumia ujumbe: "Habari za siku nyingi, Dada Paskalina. Naomba maoni yako, kwa nini gemu la pili halinunuliwi kama la kwanza?" Nilikuwa ndani ya gari nje ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Nilisoma mara tatu, nikachelewa shifti. Dada Paskalina! Naomba maoni! Tangu lini wewe ukaniomba kitu? Binamu ni mtani wake binamu, hilo hata mtoto wa chekechea kwetu Morogoro analijua. Ulikuwa unaniambia, "We kigagula, leta chai," nami nakuletea huku nakutukana.

Umetaka maoni, haya yapokee. Nayaandika hapa kwenye ukurasa wa jumuiya yetu, mbele ya Watanzania, Wakongo na Wakenya wote wa huku Minnesota, maana nilichokifanya nilikifanya mbele yao.

Unakumbuka ulipofika? Ulilala kwenye sofa letu pale Brooklyn Park, na asubuhi ya theluji ya kwanza ukatoka umevaa koti la mama yangu, lile la zambarau lenye manyoya shingoni. Nikakuambia, "Shangazi mdogo, unakwenda kwenye harusi ya nani?" Ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye theluji. Halafu ukainuka, uso umebadilika, ukasema, "Rudia. Rudia, nirekodi." Gemu letu, Piga Mtani, lilianzia hapo. Wewe ulikuwa na kompyuta na mikono ya kuchora, mimi nilikuwa na mdomo.

Tulirekodi ndani ya kabati la makoti kwa sababu huko sauti haikuwa na mwangwi. Mimi nimebanwa katikati ya makoti ya watu wanne, jasho linanitiririka, wewe nje umeshika mlango. Bibi Sufuria anayepigana kwa mfuniko, mimi. Bwana Beleshi anayezoa theluji, mimi. Hata yule mbwa wa jirani, mimi! Na ile kanuni yetu: kabla hujapiga, lazima umtanie mwenzako. Ukimtania vizuri akacheka, mikono inamshuka, hapo ndipo unamchapa. "Umevaa makoti matatu na bado unatetemeka, je nikikugusa?" "Hiyo ni ngumi au unafukuza inzi?" Na pambano likiisha wanashikana mikono wanakwenda kula. Uliniuliza kama Wamarekani wataelewa. Nikakujibu, wasipoelewa watauliza.

Wakaelewa, bwana wee. Lilinunuliwa mpaka na watu wasiojua Morogoro iko upande gani wa dunia.

Halafu akaja Megan.

Sitasema vibaya juu ya Megan. Nyoo! Nitasema. Megan wa Apple Valley, mwenye ofisi ya vioo na ubao mweupe, mwenye viatu visivyojua chumvi ya kuyeyusha theluji barabarani. Ulimleta kanisani umtambulishe, ukasema, "Huyu ndiye mwenzangu." Mama akampa sahani ya pilau yenye nyama zote nzuri. Mimi nikasimama na kijiko mkononi najiuliza, kama huyu ni mwenzako, mimi nilikuwa nani kabatini mle?

Baadaye, pale kwenye maegesho, ukaniambia mnatengeneza gemu la pili, wataalamu watarekodi sauti upya, kwamba Megan kasikia zipu za makoti kwenye sauti zangu. Ukaniambia pia kanuni ya utani inaondolewa, kwa sababu wanaopigana lazima wachukiane, mchezaji apate sababu ya kupiga. Ukamalizia, "Binamu, ni biashara tu." Ningekutukana siku ile, tungepona. Badala yake nikasema, "Sawa, hongera sana, Mungu akubariki." Nilikuwekea adabu, Deo, nikijua kabisa inavyouma.

Ukahamia Burnsville ili uwe karibu na ofisi. Nimewahi kupita kwako mara mbili, mchana kweupe. Nimeendesha ile barabara kuu ya 35 mpaka nikavuka mto, nikaliona gari lako na la Megan yameegeshwa sambamba, nikageuza. Usijipe moyo, sikutaka unioe. Wazee wakisema binamu nyama ya hamu ni shauri lao. Nilitaka uniite. Uniambie, "Paska, njoo usikilize hii, inachekesha au haichekeshi?"

Sasa maoni uliyoyaomba. Gemu la pili nililinunua siku lilipotoka, nikiwa wa kwanza nadhani, kama mtu anayewahi kuchungulia harusi ambayo hakualikwa. Ni zuri. Naumia kusema, ila ni zuri. Theluji inaanguka kama theluji. Lakini mmewapanga wapiganaji wengi kama abiria uwanja wa ndege, sikumzoea hata mmoja. Nilipigana mtandaoni na mtu wa mbali nisiyemjua, akanitandika kimyakimya, akaondoka. Hakuna aliyenicheka! Gemu letu la kwanza halikuwa na mtandao kwa sababu wewe hukujua kuuweka, kwa hiyo watu walikaa wawili wawili kwenye sofa moja, wanasukumana viwiko, na kila aliyelinunua alimwita mwenzake aje, na mwenzake akaenda kununua la kwake. Ilikuwa bahati tu, mkaiona ni kasoro, mkairekebisha.

Kingine. Watoto wa pale kanisani, ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Unakumbuka walivyoanza kutaniana kwa maneno ya Bibi Sufuria? Yule mtoto wa Maman Esperance, mama wa Kikongo anayekaa benchi la mbele, alimwambia kaka yake mbele ya mchungaji, "Miguu yako vijiti vya mshikaki!" Mama yake alilia kwa furaha. Mama zao walilinunua kwa ajili hiyo, wala hawajui hata padi ya kuchezea inashikwaje. La pili mmelifanya Kiingereza kitupu na visasi. Nani ampe mwanawe visasi, wakati wengine walivikimbia mpaka wakafika Minnesota?

Tena, mwenye la kwanza bado analo, na bado anacheka. Atafute la pili la nini? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wewe umelitia maji ya chupa ya Megan.

Na sauti ya Bibi Sufuria! Huyo dada mliyemlipa ana sauti safi, sikatai, anafaa kutangaza ndege iliyochelewa. Nilimsikiliza nikasonya. Nikakaa mpaka majina yote yakapita mwishoni, watu wa sauti, wa rangi, hata aliyewaletea kahawa. Nikasubiri langu. Sikulitegemea, lakini nililisubiri.

Ningeweza kuishia hapa na ungeniona mwenye busara. Yote niliyoandika ni kweli, na ungeyapeleka kwa Megan akayaandika kwenye ubao wake. Ila kuna sababu moja haimo.

Jumapili ile baada ya gemu la pili kutoka, Maman Esperance alinishika mkono mlangoni pa kanisa. "Paska, ile jeu ya binamu yako imetoka, tuinunue ao tuache?" Akina mama wengine wamesimama nyuma yake, simu mkononi, tayari. Wote wanajua mimi ndiye mdomo wa Bibi Sufuria. Walikuwa wanasubiri neno langu tu. Nami nikatabasamu, nikasema, "La kwanza linatosha, Maman."

Basi. Sikusema baya. Wakarudisha simu mikobani. Wiki ile ile nikalisikia neno langu kazini, Mkenya mmoja ananiambia, "Nimeskia hiyo ya kwanza inatosha." Likaenda Saint Paul, likarudi. Kila liliporudi nilijisikia nimeshiba, na sikumsahihisha hata mtu mmoja. Sijui lilizuia wangapi. Labda wachache, labda hao wachache ndio wangewaita wengine kwenye sofa zao kama mwanzo. Ningewaambia, "Nunueni, ni la binamu yangu," wangenunua hata kama ni baya.

Ujumbe wako ulipofika, na adabu yake yote, nilijua hujui. Kwa hiyo Jumapili hii iliyopita nilisimama wakati wa matangazo. Nikasema, "Ndugu zangu, niliwaambia gemu la Deo msilinunue kwa sababu nilikuwa na wivu. Alimpata mwenzake mwingine nami nikataka aanguke."

Kanisa zima likaangua kicheko. Mchungaji akashika meza asianguke. Maman Esperance akanipiga begani, machozi yanamtoka, "Paska, weye na utani yako, utatuua!" Nikarudia, "Jamani, ni kweli." Wakazidi. Mama yangu mwenyewe alikuwa anajifuta macho kwa kitenge. Nikakaa chini.

Hakuna aliyeniamini, Deo, na sina wa kumlaumu. Miaka yote hii nimekutukana mbele yao na hakuna hata tusi moja nililolimaanisha. Hili nililimaanisha, na ni wewe tu uliyebaki wa kuniamini.

Mtoto wa shangazi yako,
Paskalina