Dakika Moja ya Sauti ya Bibi

Mabibo, Jumamosi, 13 Novemba 1999

Tangu alfajiri mvua ya vuli inatishia tu bila kunyesha, na joto limetubana kweli. Leo nitaandika kila kitu kama kilivyotokea, hata yale yanayonitia haya, maana sijui kama kesho nitayaamini.

Jumatatu Bibi anafanyiwa upasuaji wa koo. Daktari alimwambia Mama wazi kwamba sauti huenda ikarudi imekwaruza, na huenda isirudi kabisa. Sauti ya Bibi! Kwenye maulidi ya akina mama hapa mtaani, yeye ndiye anayeanza kasida na wengine wote wanaitikia. Kesho anaingia wodini. Na tangu juzi ameagizwa asiichoshe sauti.

Kwa hiyo siku ya kuihifadhi ilikuwa leo tu.

Kompyuta tunayo. Mjomba Shabani alituletea kutoka ofisini kwao walipokuwa wanaziondoa za zamani. Rangi yake imekuwa njano kama jino, na ukiiwasha Mjomba anakwenda kutia udhu, anarudi, bado haijaamka. Mama ameifumia kitambaa cheupe kama alivyoifumia redio na friji. Nilimuuliza Mjomba, ikiwa inaweza kutoa muziki, haiwezi kushika sauti ya mtu? Akaazima maikrofoni kwa rafiki yake.

Nyuma kuna matundu matatu, na michoro yake imefutika. Tukachomeka kwenye la kwanza, nikasema, "Alo, alo." Kwenye skrini palikuwa na mstari wa kijani umelala kama uzi. Haukutikisika. Tundu la pili likatoa mlio wa kuumiza masikio. La tatu, kimya. Mjomba akazima, akawasha. Akapuliza vumbi. Akaipiga kofi ubavuni. Mama alidhani kitambaa chake ndicho kinachoziba sauti, akakiondoa na kukikunja polepole kama nguo ya mgeni.

Mstari ukabaki umelala.

Bibi alikuwa amekaa mkekani anatutazama, khanga imemfunika koo.

"Shabani," akasema kwa sauti ndogo, "ndiyo nini hii uliyotuletea? Bubu?"

"Mama, subiri kidogo."

"Mie nasubiri. Yeye bubu, na mie nakaribia. Tutaelewana tu."

Mama akaingia jikoni ghafla. Mie nilicheka, halafu nikaona aibu kwamba nimecheka.

Mwalimu wetu wa sayansi hutuambia kitu kikigoma usikipige, kifuate tangu mwanzo. Nikaufuata waya kwa kidole mpaka kwenye mashine, kisha nikaendelea kuifuata njia kwenye skrini. Nikafungua dirisha dogo la sauti, lenye vitelezi vya kupandisha na kushusha. Maikrofoni haikuwemo. Kumbe vile vyote ni vya sauti inayotoka! Nikatafuta vya sauti inayoingia, nikavikuta vimefichwa mahali pengine, na chini ya maikrofoni palikuwa na kiboksi kitupu. Nikakitia alama. Nikajaribu tena tundu moja moja.

"Alo."

Mstari ukainuka.

Sijui nieleze vipi. Ulipanda ukashuka kama kifua cha mtu anayepumua. Nikanyamaza, ukalala. Jogoo wa jirani akawika, ukaruka juu! Nilikuwa naiona sauti kwa macho yangu. Mjomba alisema "Subhanallah" akakaa chini, naye ndiye aliyeileta mashine.

Mama akarudi, tukamsogezea Bibi maikrofoni, nikabonyeza duara jekundu la kunasa sauti. Bibi kimya. Ananitazama. Mjomba anapunga mkono.

"Imba, Mama!"

"Niimbe kabla ya salamu? Watakaonisikia si watasema sikufunzwa?"

Nikaanza upya. "Shikamoo, Bibi."

Hapo akatoa sauti yake yote, ile ya maulidini. Marahaba, mwanangu. Hujambo? Umeamkaje? Mama yako je? Na mjomba wako, hajambo? Na wote wamekaa mbele yake! Mie najibu moja moja, ndivyo nilivyolelewa. Akauliza shule, akauliza majirani, akauliza mpaka kuku. Akafika kwa Dada Zuhura, anayefundisha Songea na hajatuandikia tangu Idi. Mara mashine ikajisimamisha yenyewe. Kumbe haichukui zaidi ya dakika moja.

Dakika nzima imekwenda kwa salamu. Kasida, hata neno.

Nakiri nilikasirika. Moyoni nilimlaumu Bibi, mgonjwa, kwa adabu yake. Nikahifadhi kile kilichopatikana, nikageuka kumwomba aanze tena, lakini alikwisha kuweka mkono kooni na kutikisa kichwa. Sauti imeisha. Kilichobaki ni mnong'ono.

Mjomba akaifungulia ile dakika.

Bibi akashtuka. Akatazama mlangoni, akatazama dirishani.

"Mama?" akanong'ona.

Hatukuelewa.

"Huyo mama yangu. Ndivyo alivyokuwa akitusalimu."

Mama yake alifariki kabla mama yangu hajazaliwa, na hakuna picha yake hata moja. Miaka yote Bibi ameibeba sauti ile bila kujua, kwa sababu mtu haisikii sauti yake kama wengine tunavyoisikia. Akatuonyesha kwa kidole: tena. Tukairudia, na tena, mpaka ikaadhiniwa Magharibi.

Hasira yangu imekwisha. Kasida wanaijua wengi. Salamu ile anayo yeye peke yake.

Lakini kuna jambo linanisumbua mpaka sasa. Dakika inaishia kwenye swali: "Na Zuhura wangu je, hajambo huko? Ana..." Basi. Maswali mengine yote yana jibu langu. Hilo halina, na hata mashine isingekatika sijui ningejibu nini.

Dada, ukurasa huu naunakili sasa hivi. Kesho asubuhi Mjomba atampa dereva wa basi la Songea pale Ubungo. Bibi akizinduka huenda asiweze kusema, lakini masikio anayo. Tafadhali mpe dereva huyo huyo jibu, nami nitamsomea kitandani.

Bibi anauliza, hujambo?