Chumvi ya Ng'ombe kwa Kondoo Wako

Baba mpendwa,

Nimeugundua ugonjwa wa Kondoo! Nimeugundua mwenyewe, na wewe ndiye ningetaka kumwambia kwanza.

Unamkumbuka Kondoo. Ulimleta kutoka kwa rafiki yako wa Nairobi, kipande cha tumbawe kisichozidi kidole gumba, ndani ya chupa ya chai iliyojaa maji ya chumvi. "Hili si jiwe," uliniambia, "ni mnyama." Minyiri yake, ile mikono yake midogo laini, ilipoanza kupepea majini kama manyoya, tukampa jina. Mama alicheka sana: "Daktari wa mifugo mzima, na mfugo wako hauna hata miguu!"

Tulipofunga shule Jumatatu nilimkuta amejikunja ndani ya tangi lake la kioo, rangi imepauka. Mama alisimama mlangoni. "Jumapili tutaliondoa hilo tangi," alisema. "Siwezi kuangalia kitu kingine cha baba yako kikiisha mbele yangu."

Nilifanya ulivyonifundisha: maswali kwanza, sindano baadaye. Joto lilikuwa sawa. Taa sawa. Chumvi ilikuwa juu kidogo tu. Nikashuku maji ya bomba, maana sisi watu wa Nakuru huyashuku kabla ya kitu kingine chochote. Meno yetu, yaliyogeuzwa kahawia na floridi yake, ni ushahidi. Lakini Mama alikuwa akiongeza yale ya kuchujwa, kama ulivyoandika kwenye karatasi uliyobandika ukutani. Samaki wote wawili wa humo tangini walikuwa wakifukuzana kwa furaha. Halafu nikawaona konokono, wamelala chali mchangani, karibu wote wamekufa.

Ugonjwa gani huu unaomwacha samaki na kumuua konokono?

Nikakumbuka siku ile Rongai, uliponichukua nikubebee mkoba. Yule mzee alikuwa akiwapa kondoo wake chumvi ya ng'ombe. Ulimwambia, "Mzee, hii ina madini ya shaba. Ng'ombe anaihitaji, lakini kondoo itamuua." Naye akakujibu, "Kwani si wote wanakula nyasi, daktari?" Tulicheka hadi nyumbani.

Nikakimbia jikoni. Shosho, mama yako, alikuwa ametoka Subukia kuja kukaa na Mama nilipokuwa shuleni.

"Shosho, kuna kitu uliweka kwa tangi?"

"Chumvi tu. Si mlisema hao ni wa maji ya chumvi? Nikaona maji inapungua."

"Chumvi gani?"

"Ile nimenunulia ng'ombe zangu. Hii yenu ya jikoni haina nguvu."

Baba, nilimrukia nikamkumbatia! Alidhani nimechanganyikiwa. Nilipomweleza kwamba shaba iliyomo huwaacha samaki lakini huwaua konokono na tumbawe, alifuta mikono yake kwa leso muda mrefu.

"Mimi nilitaka tu kulisha vitu vya mtoto wangu," alisema.

"Najua, Shosho. Sasa nisaidie kumponya."

Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyebeba ndoo. Kila asubuhi tulitoa maji kiasi, tukarudisha mapya niliyochanganya kwa chumvi yako ya bahari, ile iliyobaki kabatini. Tukaweka na ule mkaa wako wa kuchujia. Shosho alimkaripia Kondoo kwa Kikuyu kama anayemkaripia ndama mvivu. Mimi nilihesabu siku.

Jumapili, kabla ya kanisa, Mama alikuja na ndoo tupu ya kuwatolea samaki. Kabla hajafika, Shosho alipiga kelele ambayo nadhani majirani waliisikia:

"Mama Njeri, kuja uone! Ameota manyoya!"

Minyiri mitatu, Baba. Mitatu tu, midogo, lakini ilikuwa ikipepea. Mama alitazama. Kisha akaigeuza ile ndoo, akaikalia palepale mbele ya kioo, mpaka tukachelewa kanisani.

Pumzika kwa amani, Baba. Kondoo wako yuko kwenye mikono yetu, na chumvi ya ng'ombe imerudi Subukia.

Ni mimi, Njeri, binti yako, mbeba mkoba wako wa Rongai.